Hitilafu Iliyoona Haya

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa ofisini kwenda kuitafuta hitilafu ambayo haipo.

Sikushangaa. Kaka yangu Luhende aliitafuta hiyohiyo mpaka wakamwachisha kazi, na tulipomzika, mvua za kwanza zilipoanza, alikuwa bado hajaipata. Niliona ni haki sasa iwe zamu yangu. Nikavaa viatu vya kanisani, nikaenda.

Nieleze kidogo, ili anayesoma asipotee. Zamani chama cha ushirika cha kwetu Lusanda kilikuwa na kompyuta moja tu. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, ikakaa chumba chake chenye mashine ya baridi, wakati meneja mwenyewe anajipepea kwa gazeti. Makarani hawakuwa na kompyuta zao kama siku hizi. Kila mmoja alikuwa na kioo na kibodi juu ya meza, na waya uliokwenda kwa yule mkubwa wa chumba cha baridi, ambaye ndiye aliyekuwa na akili kwa niaba ya wote. Vioo hivyo waliviita terminali, na kila terminali ilikuwa na jina. Moja ilikuwa chumbani kwa meneja. Sita ilikuwa mlangoni. Nyingine zilijipanga katikati. Karatasi yoyote iliyochapwa ilibeba chini yake jina la terminali iliyoituma. Kaka ndiye aliyeitunza mitambo yote hiyo.

Kisha zikaanza kutoka karatasi za kuruhusu mbegu zitoke ghalani, zina jina la Moja, na meneja anaapa kwamba wakati huo chumbani kwake hapakuwa na mtu. Kaka alisema mashine inachanganya majina. Wakaja wakaguzi kutoka makao makuu, wakamwambia, "Tuonyeshe." Akajaribu mchana kutwa, siku kwa siku, haikutokea hata mara moja. Wakaguzi walikuwa na kanuni yao: hitilafu isiyoweza kurudiwa haipo, na pasipo na hitilafu pana mtu. Mtu akawa kaka, maana ndiye mwenye funguo.

Akarudi nyumbani kulima. Hata siku ya mazishi, msoma wasifu alipofika hapo aliharakisha. "Alifanya kazi ushirika, kisha akarudi nyumbani." Waombolezaji wakatazama chini.

Leo fundi anakuja kujengea kaburi na kuandika msalaba. Jana jioni wifi yangu Nyanzobe, mjane wa kaka, alisema habari za ushirika zisiwekwe kabisa. "Jina na tarehe yatosha. Tusiwape watu la kusema." Nilikwenda kulala nikiwa nimekaza meno, na naamini ndoto iliingilia hapo.

Basi ofisi ilikuwa palepale. Kwa kweli jengo lile siku hizi ni ukumbi wa sherehe, na ndoto ilikuwa imejitahidi kulirudisha lakini haikumaliza kazi. Mapambo ya harusi yalikuwa bado yananing'inia juu ya meza za makarani.

Mlinzi getini alikuwa printa, ile ya zamani inayolia kama mbuzi anayevutwa.

"Jina?" akauliza, karatasi ikimtoka mdomoni.

"Limi, dada yake Luhende."

"Sijauliza wewe ni wa nani. Unakaa terminali gani?"

"Sijapewa kiti."

"Asiye na kiti hana jina. Pita kama karatasi."

Nikapita kiubavu. Nilihisi nina vitundu vidogo pembeni, mkono wa kulia na wa kushoto, kama karatasi za printa ile, lakini sikuwa na nafasi ya kuvishughulikia.

Barazani alikaa bwana mmoja mwembamba, suti ya Kaunda iliyonyooshwa, soksi safi. Jua lilimpita likaangukia ukutani, kama hakuna kitu katikati.

"Za asubuhi, dada," akasema. "Naomba usiniitikie kwa sauti, mlinzi atasikia. Mimi ni Hitilafu, ila sipo."

"Wewe ndiye uliyemwachisha kaka yangu kazi."

"Ndimi."

"Na unakaa hapa barazani unajipigia pasi, unasema hupo."

"Sisemi mimi, dada. Imeandikwa hivyo. Mimi nilikuwa nakuja vizuri tu, hasa siku za ununuzi wa pamba. Ila wale wakubwa walipofika, niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Walivyokaa."

"Walikaaje?"

Akafikiri. "Vizuri. Walikaa vizuri mno. Kila mtu na kiti chake, na mlango umefungwa. Sikuona pa kupitia."

"Basi nionyeshe unapopitia, nikakuite hapohapo."

"Wewe unakumbuka ulivyozaliwa?"

"Nimesimuliwa."

"Mimi sikupata wa kunisimulia," akasema, akavuta soksi juu.

Nikamwambia asiondoke. Akasema asiyekuwepo hana pa kwenda.

Ndani, wakaguzi walikuwa wameshafika. Walikuwa tai tatu za shingoni, zimefungwa vizuri, hazina watu ndani. Tai ya bluu ndiyo iliyokuwa msemaji wao. Kando yao alichutama fundi Makoye, fundi yuleyule wa kweli, ana karai la saruji mbichi na mwiko. Msalaba wa kaka ulikuwa umelazwa juu ya meza, katikati ya mapambo, nao haujaandikwa kitu.

"Tuonyeshe," tai ya bluu ikasema.

"Ndilo lililonileta."

"Utuonyeshe kabla saruji haijakauka. Ikianza kukauka, fundi ataandika kile tulichokiona. Mpaka sasa tumeona mtu."

"Ataandika nini?"

"'Hapa amelala aliyefanya.'"

Fundi Makoye akajikuna shingo kwa mpini wa mwiko. "Mimi naandika ninachoambiwa, dada. Ila fanya upesi. Saruji haina undugu."

"Na uikumbuke kanuni," tai ya kahawia ikasema. "Vyote viwili havikai pamoja. Palipo na mtu hapana hitilafu. Palipo na hitilafu hapana mtu."

"Naijua," nikasema. Niliijua kweli, lakini nilidhani ni maneno tu.

Nakaa Sita. Naandika jina langu. Mashine anaitika kutoka chumba cha baridi, na sauti yake ni ya yule mama aliyetugawia ugali shuleni, ambaye hakumjua mwanafunzi kwa uso, alimjua kwa sahani.

"Karibu, Sita."

Naandika mstari mmoja. Kisha naandika neno kwaheri, maana mashine hii ukimaliza sharti umuage. "Kwaheri, Sita," anasema. Karatasi inatoka. Chini imeandikwa Sita.

"Sahihi," tai zinasema zote tatu.

Nahamia Tano. Nahamia Nne. Naandika haraka, naandika polepole, naandika nikiwa nimefumba macho. Nachomoa waya wa Nne nauchomeka Tatu, na waya unaniomba radhi, unasema kwao hawana tabia hiyo. Nakaa nusu Mbili, nusu Tatu. Nazima umeme wa mtaa mzima nauwasha tena, na watu wa upande wa pili wa ndoto wananipigia kelele kwamba wali wao haujaiva.

"Sahihi. Sahihi. Sahihi."

Fundi anabonyeza saruji kwa kidole. "Imeanza kushika kingoni."

Nikakumbuka maneno ya Hitilafu, kwamba alikuja siku za ununuzi, ofisi ikiwa imejaa. Nikafungua mlango kwenda kuwaita watu, na mlango ukatokea uani kwetu, chini ya turubai la msiba. Waombolezaji wote walikuwepo. Niliwaambia waje na viti vyao, wakaja, maana mtu wa msibani habishani na mfiwa.

Wifi Nyanzobe alikuja na ungo wa karanga mapajani. Nilimkalisha Sita.

"Wifi, hii kazi siijui."

"Andika chochote."

"Niandike nini, na mimi nabangua karanga?"

"Andika karanga."

Akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anaua chawa. Hajawahi kugusa kibodi maishani mwake, na alikionea huruma kila kitufe baada ya kukibonyeza.

"Lakini wifi, ungekubali tu," akasema bila kuinua uso. "Marehemu alikuwa na maneno mengi juu ya hii mashine. Kila jioni, mashine, mashine. Masikio yaliniota sugu."

"Kwa hiyo hukumwamini."

"Nilimpikia, nilimfulia, nilimzalia. Kumwamini nilikuachia wewe, maana ulikuwa huna kazi."

Waombolezaji wakacheka kidogo, kwa kiasi kinachoruhusiwa msibani. Kisha wote wakaandika kwa pamoja, na karatasi zikatoka zimeambatana: Mbili, Tatu, Nne, Tano, Sita.

"Sahihi," tai zikasema.

Nikainama karibu na Tano. Jirani wa karibu ndiye anayejua habari za nyumba, na Tano alikuwa amekaa bega kwa bega na Sita tangu siku walipoletwa kwenye maboksi.

"Tano," nikanong'ona, "siku jina lilipopotea, nani alikuwa amekaa hapo kwa mwenzio?"

"Karani," akasema. "Halafu meneja."

"Wote wawili?"

"Aa, dada. Nani akae na meneja kiti kimoja? Siku za ununuzi chumba cha meneja kilikuwa tanuri, basi yeye alikuwa anaacha Moja yake anakuja kuandikia hapa mlangoni, penye upepo. Karani akimwona tu, huyo juu."

"Aliaga mashine kwanza?"

"Amwache mkubwa wima, yeye yuko anaaga kioo? Kwao hakufunzwa hivyo. Aliruka kidole kikiwa bado juu ya kibodi, na meneja akakaa kiti hakijapoa."

"Mbona meneja alisema chumbani kwake hapakuwa na mtu?"

"Si kweli? Hapakuwa na mtu. Alikuwa huku, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi."

"Na wakaguzi walipokuja?"

"Vyeo vyao sawa. Nani ampishe nani?"

"Na kaka alipojaribu?"

Tano akapunguza mwanga wake. "Luhende? Mtu akitaka kusimama, yeye anamwambia kaa, kaa, usijisumbue. Tulimpenda kwa hilo."

Nikabaki nimeinama palepale. Ni kweli. Kaka hakupenda kupishwa kiti. Kanisani alikaa benchi la nyuma asije akamwondoa mtu. Kwenye harusi alisimama mpaka mwisho, sahani mkononi. Mlango aliokuwa akiupitia Hitilafu ulikuwa heshima ya watu, na kaka aliufunga kila siku kwa mikono yake mwenyewe, kwa upole, huku akiutafuta.

Nikakaa Nne upesi. Nikaiambia tai ya bluu, "Njoo hapa, mzee." Ikaja ikining'inia. Niliposimama kuipisha, kidole nilikiacha makusudi juu ya kibodi.

"Umeshaniaga moyoni, Nne," Mashine akasema. "Nimesikia. Kwaheri."

"Sahihi," tai ya bluu ikasema, ikarudi mahali pake.

Hapo nikaelewa lililobaki. Aliyejiandaa kusimama ameshasimama. Alitakiwa mtu asiyejua kitu, amekaa na shughuli zake, na atokee mtu ambaye huyo aliyekaa angemwinukia kabla ya kufikiri. Nikamtazama wifi, anabonyeza karanga. Nilijua ni nani.

"Imebaki katikati tu," fundi Makoye akasema, akichokonoa karai.

Nikaenda mlango wa meneja, ulioandikwa Moja, nikaufungua. Ndani hapakuwa chumba. Palikuwa makaburini kwetu, upande wa miti ya mikaratusi, na kaburi la kaka lilikuwa wazi na lina ngazi. Nikashuka. Chini kulikuwa na meza, kioo na kibodi, na kaka amekaa kwa suti tuliyomzikia, udongo kidogo begani. Alikuwa akiandika mstari na kuaga, akiandika na kuaga.

"Kaka."

"Limi. Umekula?"

"Nimekula. Unafanya nini?"

"Najaribu. Nadhani niko karibu."

"Tangu lini?"

"Tangu mliponifunika."

"Peke yako?"

"Nisisumbue watu," akasema.

Nilitaka kumwambia yote, pale pale, nimshike bega nipanguse na ule udongo. Lakini nilikumbuka kilichonipata kwenye Nne. Anayejua anaharibu. Nikameza maneno.

"Njoo huku nje mara moja. Kuna mtu amekaa Sita, kazi inamshinda."

"Nimeachishwa kazi, Limi."

"Njoo kama mgeni."

Akafikiri, akakubali, maana mtu akishindwa na mashine kaka hakuweza kukaa. Lakini hakuinuka kabla ya kuandika kwaheri. Ndiyo tabia yake. Kioo cha Moja kikazimika taratibu, jina likabaki halina mtu.

Anatoka. Waombolezaji wanatazama mikono yao, maana si adabu kumkodolea marehemu macho. Anapita nyuma ya Mbili, nyuma ya Tatu, anamrekebishia mtu mmoja waya njiani. Wifi yuko katikati ya neno. Anainua uso.

"Kaa, kaa, mama Kashinje," kaka anasema. "Usijisumbue."

Lakini wifi ameshasimama. Karanga zinamwagika sakafuni. Mwili wote umeondoka kwenye kiti, kidole peke yake kimebaki juu ya kibodi, hakijaambiwa. Kwa mkono mwingine anapangusa kiti kwa pindo la kanga.

"Karibu, baba Kashinje," anasema, vilevile alivyosema kila jioni ya ndoa yao. "Umechoka."

Kiti kilichokwisha kupishwa hakikataliwi. Kaka anakaa.

Mashine akakohoa kule kwenye baridi.

"Sita ana mtu, hajaniaga," akasema polepole, kama anayehesabu sahani. "Na kuna mwingine amekaa. Huyu naye lazima awe na jina. Nitafute lililo wazi, nianzie mwanzo." Tukamsikia akitafuta. "Moja liko wazi. Karibu, Moja."

Printa akalia getini. Karatasi ikaja yenyewe, ikipita kiubavu, ikatua mbele ya tai ya bluu. Kioo kilikuwa cha Sita, mlangoni, kila mtu anakiona. Chini ya karatasi imeandikwa Moja.

Fundi Makoye ndiye aliyeishika kwanza. Akaigeuza huku na huku.

"Ndiyo yenyewe hii?"

"Ndiyo."

"Kadogo hivi? Na mtu akapoteza kazi?"

Barazani kitu kizito kilianguka, nacho kilikuwa kivuli. Hitilafu akaingia akikiburuta, hajakizoea, anakikanyaga na kukiomba samahani. Akazisalimia tai moja moja kwa kuzishika ncha.

"Nipo," akasema. "Samahani kwa kuchelewa."

"Tumeona," tai ya bluu ikasema. "Hitilafu ipo."

"Basi kanuni," tai ya kahawia ikasema.

Nikamtazama kaka kwenye kiti. Palipo na hitilafu hapana mtu.

"Ngojeni," nikasema. "Hiyo kanuni ni ya kutafuta nani alaumiwe. Haihusu nani akae."

"Haikuandikwa inahusu nini. Tunaweza kuichana karatasi. Mtu atabaki."

"Kaka, wanasema wakiichana utabaki."

Hakunisikia mara moja. Alikuwa amechukua ile karatasi, analisoma lile jina la chini, anacheka bila sauti, mabega yakimtikisika kama zamani.

"Kumbe ni kiti," akasema. "Limi, kumbe ni kiti. Na mimi kila siku nawakataza kusimama."

"Utabaki, kaka."

"Nibaki nikijaribu nini tena?" Akaiweka karatasi mkononi mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake. "Mwambie fundi aandike. Saruji ya watu inakauka."

Kwa muda nilishikilia karatasi ile nikijua kwamba nikiichana mwenyewe, hakuna ambaye angenilaumu. Kisha nikamgeukia fundi Makoye.

"Andika."

"Niandike vipi?"

"Andika hivi: Alitunza kompyuta ya ushirika. Aliitunza vizuri."

Saruji ilikuwa imebaki laini kwa kiasi cha maneno hayo, wala haikuzidi.

Kaka akamtazama wifi, ambaye alikuwa bado wima na kidole chake. "Kaa sasa, mama Kashinje."

"Nitakaa ukishaenda," wifi akasema.

Kaka alifia shambani, mchana, jembe mkononi, hakumuaga mtu. Sasa akavuta kibodi karibu, akaandika kwaheri, herufi moja baada ya nyingine, bila haraka. Sisi sote tulisimama, hata waliokuwa na miguu mibovu, na safari hii hakutukataza.

"Kwaheri, Luhende," Mashine akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita mtu kwa jina lake. Nilipotazama kiti, kilikuwa kitupu.

Niliamka kumekucha. Moshi ulikuwa ukitoka jiko la uani, nikamkuta wifi anasugua sufuria ya uji wa jana. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini moshi nao ulikuwepo, sikuweza kusema ni kipi.

"Umelalaje, wifi?" nikamuuliza.

"Nimelala wima."

"Kivipi?"

"Nimeamka nimejikuta nimesimama kando ya kitanda. Mguu mmoja umekufa ganzi, inaonekana nimesimama muda mrefu kama askari. Na mkono ulikuwa hivi."

Akaupangusa majivu, akanionyesha. Vidole vingine vyote vilikuwa vimekunjwa. Kimoja kilikuwa kimeelekezwa chini, kimenyooka, kinabonyeza hewa kwa nguvu na hakitaki kuachia. Mkono ule umeshika jembe, umeshika mwiko, umeshika watoto. Kitu kinachobonyezwa namna ile haujawahi kukishika.

Sikumsimulia ndoto. Nilisogeza kuni.

Wifi aliutazama mkono wake kidogo, kisha akaurudisha kwenye sufuria, akasugua kwa muda.

"Wifi," akasema, "ile kazi ya marehemu ushirika, yenyewe ilikuwa inaitwaje?"

"Mtunza kompyuta."

"Mtunza kompyuta," akarudia polepole, akilipima neno mdomoni kama mtu atakayelazimika kulitamka mbele ya fundi. Kisha akarudia tena.